Tangi halijai, mfereji wavuja: Anzia wapi kabla ya kumwita fundi?

USIPOZIBA ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta. Kwa mkazi wa Hewani, katika delta ya Mto Tana, onyo hilo halihusu nyumba tu, bali pia bomba, tangi na mfereji. Tone linalodharauliwa leo laweza kuwa chanzo cha maradhi kesho.

Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huteremka na tope jingi kutoka nyanda za juu. Tope hilo hurutubisha mashamba ya mpunga, ndizi na maembe yaliyo kandokando yake. Likiingia katika mabomba, hata hivyo, rafiki huyo wa mkulima hugeuka adui: huziba vichujio, hula mipira ya mifereji na kuzifanya vali zisifunge barabara.

Isitoshe, mto huo hufurika. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, ya 2018, ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliwaathiri vibaya wakazi wa Tana River. Mei 2024, visa vya kipindupindu viliripotiwa katika kaunti hiyo. Hapo ndipo suala la bomba linalovuja linapoacha kuwa la gharama pekee.

Sababu ni hii. Maji yanapotiririka kwa nguvu ndani ya bomba, ufa huyatoa nje. Maji yanapokatika, bomba hubaki tupu na huweza kufyonza kile kilicho nje yake, yakiwemo maji machafu ya dimbwi au ya choo kilichofurika. Kwa maneno mengine, pale panapotokea maji safi ndipo panapoingilia uchafu. Mahali ambapo maji huja kwa zamu, hatari hiyo hurudi kila zamu inapokwisha.

Kabla ya kununua kifaa chochote au kumwita fundi, mwenye nyumba na ajiulize maswali mawili: je, maji yanaingia inavyopaswa? Na yakishaingia, yanakaa?

Tuanze na tangi lisilojaa. Fungua kwanza mfereji ulio chini, karibu na mahali bomba linapoingia nyumbani. Ikiwa hapo pia hapatoki kitu, kosa si la tangi. Ama maji yamekatika, ama bomba limeziba au kupasuka huko nyuma. Ikiwa mfereji wa chini unatoa maji lakini tangi lililo juu ya mnara halipati, huenda nguvu ya maji haitoshi kupanda. Kila mita 10 za kimo huhitaji nguvu ya bar 1, hivyo tangi lililo mita 3 juu linahitaji angalau bar 0.3 ili maji yafike tu. Dawa yake ni kulijaza nyakati ambazo watu wengi hawatumii maji, hasa usiku, au kuweka tangi jingine chini na kuyapandisha maji kwa pampu.

Ikiwa maji yanafika juu lakini kwa uchache, angalia boya, yaani lile tufe linaloelea na kufunga maji tangi likijaa. Lisukume chini kwa mkono. Maji yakibubujika, mkono wa boya ulikuwa umekwama na unahitaji kunyooshwa au kusafishwa. Yasipobubujika, funga maji, fungua vali na utoe tope lililoziba tundu lake.

Bomba la plastiki lililotandazwa juu ya vilima na mabonde nalo huwa na tabia ya kuhifadhi hewa mahali palipoinuka. Hewa hiyo huzuia maji kana kwamba kuna kizibo. Fungua kiungo kilicho karibu na kilele, uache hewa itoke mpaka maji yaje mfululizo, kisha ukifunge.

Sasa swali la pili: maji yanakaa? Jioni, funga njia ya kuingiza maji na mifereji yote, kisha weka alama ya chaki mahali maji yalipofika ndani ya tangi. Asubuhi, tazama tena. Katika tangi la duara lenye upana wa mita 1, kila sentimita 1 iliyopungua ni takriban lita 8 zilizopotea. Mwenye mita anaweza kuisoma mara mbili, huku mifereji yote ya nyumbani ikiwa imefungwa. Nambari zikisonga, kuna mahali panapovuja.

Wala tone lisidharauliwe. Weka kikombe chini ya mfereji unaodondoka. Kikombe cha mililita 250 kikijaa kwa saa moja, hizo ni lita 6 kwa siku na lita 180 kwa mwezi, yaani mitungi tisa ya lita 20. Anayebeba maji kichwani anajua uzito wa hesabu hiyo.

Mfereji unaodondoka mdomoni kwa kawaida umelika mpira wake wa ndani. Funga maji, fungua mfereji kwa spana, toa mpira wa zamani, safisha mchanga ulio chini yake na utie mpya wa kipimo kile kile. Kiungo kinachovuja kifunguliwe, hesi zake zikaushwe, kisha zizungushwe mkanda mweupe wa mafundi kuelekea upande wa kukazia. Viungo vya plastiki visikazwe kupita kiasi, kwani hupasuka. Kufunga ufa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kwafaa kwa siku moja au mbili. Si ukarabati, ni subira tu.

Tangi likifurika, tatizo huwa ni boya lililotoboka na kujaa maji, au mpira wa vali uliolika. Litikise boya. Ukisikia maji ndani, libadilishe.

Wanaotegemea kisima chenye pampu ya mkono wana maswali yale yale. Chukua mfano wa Afridev, pampu iliyostawishwa katika miaka ya 1980, na ambayo majaribio yaliyofanywa Kwale yalichangia katika ukuaji wake. Iliundwa ili wanakijiji waweze kuitengeneza wenyewe. Piga pampu mpaka maji yatoke, iache nusu saa, kisha piga tena. Ukilazimika kupiga mara nyingi kabla ya maji kuja, yamekuwa yakirudi chini, na vali ya chini au bomba la kupandishia linavuja. Maji yakija mara moja lakini kwa uchache, chunguza mpira wa pistoni. Yakija mengi kisha yakapungua, huenda kisima chenyewe kinajazwa polepole, na hakuna spana itakayosaidia.

Hata mashine ya kuoshea vyombo, iliyo katika baadhi ya nyumba za mijini, hufuata kanuni hiyo. Isipojaa, chomoa umeme kwanza, kisha angalia kama mpira wa kuingiza maji umekunjika au wavu mdogo ulio mwanzoni mwake umezibwa na tope. Ikivuja mlangoni, safisha mpira wa mlango na uhakikishe kuwa hutumii sabuni ya kawaida ya vyombo, ambayo hutoa povu jingi likamwagika nje. Nyingi za mashine hizi zina boya chini kabisa. Maji yaliyovuja yakilinyanyua, mashine hukataa kujazwa. Hivyo basi, mashine isiyojaa huenda kumbe ndiyo inayovuja.

Baada ya mafuriko, usilijaze tangi kabla ya kuliosha. Toa tope, sugua kuta, kisha lijaze maji na kutia lita 1 ya dawa ya klorini isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5, kwa kila lita 1,000. Acha saa 24, uyamwage maji hayo mbali na mto na mifugo, kisha usuuze. Maji hayo yasinywewe kamwe. Na hadi mabomba yakaguliwe, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Fundi aitwe lini? Bomba likipasuka chini ya ardhi, pampu ya umeme ikilowa, au maji ya mfereji yakibadilika rangi na harufu, mambo hayo si ya kubahatisha. Kwa mengineyo, spana moja, mkanda mweupe, mipira michache ya akiba na kipande cha chaki vinatosha kumwezesha mwenye nyumba kuuziba ufa ungali ufa.