Mzazi Akilazwa, Dawa ya Parkinson Isikatike

Maswali mnayotuletea mlio ng'ambo kuhusu wazazi wanaotetemeka kule Kitui na Makueni karibu yote ni ya kumtafuta daktari bingwa wa neva. Tunaelewa. Mabingwa hao ni wachache nchini, na wengi wao wako Nairobi. Lakini yaliyomfika mama wa mwenzetu mmoja hayakutokana na kukosa bingwa. Bingwa alikwisha kumwona na dawa ilimkubali. Kisha akaanguka, akavunjika nyonga, akalazwa hospitali moja ya huko nyumbani. Vidonge vyake vya ugonjwa wa Parkinson vikabaki mkobani. Siku chache baadaye akashindwa kumeza hata uji, na mwanawe akaelezwa kwa simu kwamba huo ni uzee tu.

Haukuwa uzee. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, hukaa mwilini kwa saa chache. Ikikatwa ghafla, mwili hukakamaa, kumeza kunakuwa shida, akili huchanganyikiwa, na homa kali inaweza kuzuka na kuua. Wodini dawa hugawiwa kwa zamu: asubuhi, mchana, usiku. Mgonjwa wa Parkinson ana saa zake, pengine mara tano kwa siku, na kumchelewesha ni kumfunga viungo. Huko Uingereza chama cha wagonjwa hawa kimelazimika kuendesha kampeni ili hospitali zitoe dawa hii kwa wakati. Ikiwa huko wanakumbushwa, muuguzi mwenye wodi nzima peke yake naye akumbushwe, kwa heshima lakini bila woga.

Kuna pia Plasil. Mgonjwa akitapika, ndiyo sindano ya haraka. Dawa hiyo, metoclopramide, huzuia kemikali ileile ya ubongo ambayo levodopa inajaribu kuirudisha, kwa hiyo mgonjwa wa Parkinson hapaswi kupewa. Haloperidol, anayochomwa mzee akianza kuweweseka usiku, ni vivyo hivyo. Andikeni majina hayo mawili kwenye karatasi pamoja na saa za vidonge. Karatasi ikae kwenye faili la mgonjwa na nakala kwa anayemuuguza. Vidonge vya levodopa vimezwe nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu nyama, maziwa na hata maharagwe huvizuia kuingia damuni vizuri.

Msitegemee kwamba duka la dawa la hospitali litakuwa na levodopa. Levodopa pamoja na carbidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye rafu. Anayetuma pesa asingoje kopo liishe. Atume vidonge vikibaki vya mwezi mzima.

Kuhusu malipo, inachosha kuona wazee wakizungushwa dirisha hadi dirisha. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, na kujisajili pekee hakutoshi. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Wengi hugundua hilo mzee akiwa tayari kwenye machela. Kagueni leo kwa *147#, na namba ya simu iliyosajiliwa iwe ya mtu anayekaa na mgonjwa, si yako wewe uliye Minnesota. Wa Makueni wasiegemee MakueniCare, mpango wa matibabu wa kaunti wa shilingi 500 ulioanza 2016: ulikuwa wa hospitali za kaunti, na Hospitali ya Kenyatta ya Nairobi si ya kaunti.

Kenyatta nako kunahitaji barua ya rufaa. Iombeni hospitali ya Wote au ya Kitui kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka wodini, ikiwa na jina la ugonjwa, dawa zote na saa zake. Ukimsafirisha mzee usiku kucha kwa matatu bila barua hiyo, kuna uwezekano mkubwa arudishwe alikotoka.