Achari ya zawadi: Andaa chupa kabla ya maembe

Msimu wa maembe unapokaribia, familia nyingi kuanzia Bagamoyo hadi Saadani hujiandaa kutengeneza achari. Chupa moja hubaki nyumbani, nyingine hupelekwa kwa shangazi Dar es Salaam, nyingine huwa zawadi ya sikukuu. Lakini mzazi, kumbuka kuwa anayepokea zawadi yako atakula yeye na watoto wake bila kuuliza uliitengenezaje.

Kinacholinda achari isiharibike ni chumvi na ukali wa ndimu au siki. Vikipungua, vijidudu hupata nafasi. Kimojawapo husababisha botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli na unaoweza kuua. Hustawi kwenye chombo kisichopitisha hewa, chenye chakula kisicho na ukali wa kutosha, na huenda usisikie harufu yoyote mbaya. Ndiyo maana kitunguu saumu au pilipili zilizolowekwa kwenye mafuta matupu, bila siki, hazifai kuwekwa kabatini wala kutolewa zawadi.

Anza na chupa. Kusanya za kioo zenye vifuniko visivyo na kutu. Zioshe kwa sabuni, zichemshe dakika 10, kisha zipindue juu ya kitambaa safi zikauke kabisa. Chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa au dawa ya wadudu usiitumie, hata ukiiosha mara kumi.

Maembe mabichi yakipatikana, menya na ukate kilo 1, changanya na vijiko 2 vya chakula vya chumvi, acha yalale usiku mmoja. Chuja maji, anika juani kwenye ungo uliofunikwa kitambaa chepesi kuzuia nzi. Kisha chemsha pamoja na kikombe kimoja cha siki, pilipili, binzari na kitunguu saumu kwa dakika 15. Jaza chupa ikiwa bado ya moto na ufunge.

Saadani kuna mashamba ya chumvi, na chumvi ya mawe hupatikana kwa urahisi. Kwa achari inafaa, ila kwa mapishi ya kila siku tumia iliyowekwa madini joto, hasa kama nyumbani kuna mjamzito.

Bandika karatasi yenye tarehe na maneno haya: "Tumia kijiko kikavu. Ukishafungua, weka kwenye friji." Achari ina chumvi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Kwa mtoto, ya kuonja tu inatosha. Ukiona ukungu, povu au kifuniko kimevimba, tupa yote. Usikwangue juu na kula ya chini.

Na ukienda kumtazama mzazi aliyejifungua, asali iwe ya mama. Mtoto asilambishwe asali kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwani inaweza kumletea botulizimu hiyo hiyo.