Ambulensi ni Nafuu, Kitanda Ndicho Ghali

Siku moja ya mgonjwa kulazwa ICU, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) hulipa shilingi 28,000. Safari ya ambulensi isiyozidi kilomita 25, tuseme kutoka Kayole hadi Hospitali ya Kenyatta, ni 4,500. Kitanda kimoja, kwa siku moja, kinameza safari sita za gari. Labda ndiyo maana wanasiasa hupenda kuzindua ambulensi.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,073,102 katika Embakasi, Njiru, Makadara na Kamukunji, yaani Eastlands, karibu nusu ya Nairobi. Mwaka 2020 watafiti walipata vitanda 537 vya ICU Kenya nzima, takriban kimoja kwa kila watu laki moja. Ujerumani ina zaidi ya 25 kwa idadi hiyo ya watu. Tungegawana sawasawa, fungu la Eastlands lingekuwa vitanda 23.

Kwa hiyo hata gari likiwahi, mtu anaweza kukwama humo humo. Oktoba 2015, majeruhi wa ajali alikaa ndani ya ambulensi saa 18 hapa Nairobi. Hospitali ya umma haikuwa na kitanda cha ICU. Ya binafsi ilitaka depoziti ya laki mbili. Gari lilikuwepo, mhudumu alikuwepo. Majeruhi alifariki.

Katiba, ibara ya 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza faini isiyozidi milioni 3 kwa hospitali inayokataa mgonjwa ilhali ina uwezo wa kumtibu. Mwanya uko hapo kwenye "uwezo": asiye na kitanda hana kosa, na aliyepaswa kukinunua hatajwi.

Michango ya SHA nayo? Mchuuzi wa Gikomba anayelipa kiwango cha chini, 300 kwa mwezi, hutoa 3,600 kwa mwaka. Haitoshi safari moja ya ambulensi, na siku moja ya ICU ni michango yake ya karibu miaka minane. Mzigo huo hauwezi kubebwa na yeye. Ni wa Hazina ya taifa, kupitia mfuko wa dharura ulioundwa kwa sheria ya 2023 iliyoanzisha SHA.

Na si mzigo wa kutisha. Vitanda kumi zaidi Eastlands, kwa bei ya SHA, ni 280,000 kwa siku, yaani milioni 102.2 kwa mwaka. Ununuzi wa mashine za kupumulia ni bajeti nyingine. Gawanya hiyo milioni 102.2 kwa wakazi: shilingi 49 kwa kila mmoja kwa mwaka, chini ya nauli ya kwenda mjini na kurudi. Ukiitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ijayo, uliza vitanda vingapi, hospitali gani, na wauguzi wangapi zamu ya usiku.