Escudo ya Mkononi: Tazama Chini Kabla ya Kutazama Namba

Ulizia bei ya Escudo ya mkononi Mlandege, hapa Iringa, na kitu cha kwanza utakachotajiwa ni herufi. Dalali atasema hii ni namba C, ile ni namba D, na ya tatu ni namba E ndiyo maana bei yake haishuki. Herufi ya kibao imekuwa kipimo cha ubora Iringa kama ilivyo Mbeya na Dar es Salaam, na watu hulipa mamilioni ya ziada kwa ajili yake. Lakini inachoeleza ni kitu kimoja tu, yaani gari lilisajiliwa lini Tanzania. Escudo mbili zilizotoka kiwandani Japani mwaka 2006, moja ikasajiliwa hapa 2013 na nyingine 2020, zina umri uleule wa chuma, wa mipira na wa nyaya. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Anza hapo, herufi iache ya mwisho.

Nasisitiza hilo kwa sababu gari dogo la milimani kwa mtu wa huku kwetu ni chombo cha kazi. Anayelala Mlandege na kulima Kilolo, anayeshuka Pawaga kufuata mpunga, mwenye miti Mufindi: wote wananunua uwezo wa kufika Februari, wakati mvua zilizoanza Novemba au Desemba bado zinanyesha na udongo mwekundu umelainika. Uwezo huo hauko kwenye rangi wala kwenye redio. Uko chini ya gari na ndani ya rejeta.

Kwanza tutenganishe magari ambayo sokoni huitwa jina moja. Escudo za kwanza, zilizotoka mwaka 1988, na zile zilizofuata mwishoni mwa miaka ya 1990 zina chasisi ya reli mbili kama pikapu, na kwa kawaida huvuta kwa magurudumu ya nyuma mpaka dereva aingize 4WD. Escudo iliyoanza mwaka 2005, ambayo nje ya Japani huitwa Grand Vitara, ina bodi iliyoshikana na fremu yake. Yenye injini ya lita 2.0 huvuta kwa magurudumu yote manne muda wote na ina swichi ya kuzungusha kwenye dashibodi: 4H, 4H Lock na 4L Lock. Jimny ni ndogo zaidi, na chasisi yake ni ya reli. Toyota Cami na pacha wake Daihatsu Terios, pamoja na Rush, huvuta kwa magurudumu manne na difu ya kati inaweza kufungwa kwa swichi, ila hazina gia ndogo. RAV4 nayo haina gia ndogo.

Gia ndogo, ile ya 4L, ndiyo inayotenganisha gari la milimani na gari lililoinuliwa. Ukiiingiza, mwendo unapungua kwa karibu nusu na nguvu inayofika kwenye magurudumu inaongezeka karibu mara mbili. Watu huisifu kwa kupanda, lakini wenye Escudo wanaotumia njia za Kilolo watakuambia faida kubwa zaidi ni kushuka. Kwenye mteremko wa tope, ukikanyaga breki magurudumu hufunga na gari huteleza kwenda linakotaka. Katika 4L gia ya kwanza, injini yenyewe hulishikilia gari, mguu unabaki mbali na breki, na matairi yanaendelea kuzunguka taratibu yakiwa yameshika ardhi. RAV4 haiwezi kufanya hivyo. Kwa mtu ambaye safari yake ni Mlandege hadi Mafinga kwa lami, na changarawe kidogo mwisho wa safari, RAV4 au Rush inatosha kabisa na mafuta itakunywa kidogo. Kununua gia ndogo usiyoihitaji ni kulipia uzito utakaoubeba kila siku.

Kuhusu mafuta, malalamiko ya wenye Escudo ya lita 2.0 ni ya kweli. Wengi hupata kilomita 8 hadi 10 kwa lita, na mjini huweza kushuka chini ya hapo. Tangi lake ni lita 66, kwa hiyo kulijaza ni pesa ya kufikiria, na bei kikomo za EWURA hapa Iringa huwa juu ya zile za Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji. Jimny ya injini ya 1.3 hupata karibu kilomita 12. Lakini kabla hujaikataa Escudo kwa ajili ya mafuta, kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaulizi: je, themostati ipo?

Themostati ni kilango kidogo kinachozuia maji kupita kwenye rejeta mpaka injini ifike joto la kazi, karibu nyuzi 80 na ushee. Mafundi wengi wa pwani huing'oa na kuitupa wakiamini wanaipoza injini. Gari hilo likiletwa Iringa, au vibaya zaidi Njombe na Makete mwezi Juni, injini haipati joto lake. Kompyuta inaamini injini bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Oili inachafuka mapema, petroli inaisha haraka, na mwenye gari anasema Escudo inakula. Dalili yake ni rahisi: mshale wa joto unaoshuka kila unapoachia mafuta kwenye mteremko, na hita isiyotoa joto la maana. Themostati mpya ni miongoni mwa spea za bei ndogo sana kwenye gari zima. Nimeona watu wakibadilisha plagi, nozeli na hata sensa kabla ya kufikiria kilango hicho, na inaniuma, kwa sababu pesa hiyo ingelipa ada ya mtoto.

Nyanda za juu zina tabia nyingine mbili zinazogusa injini. Mji wa Iringa uko karibu mita 1,600 juu ya bahari, na Mbeya ni juu zaidi. Hewa ya hapa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 15 ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Escudo iliyokwenda vizuri Mbezi na kuonekana mvivu Gangilonga si lazima iwe mbovu. Jimny ya cc 660 yenye turbo hupoteza nguvu kidogo tu, kwa kuwa turbo hufidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua. Ila nguvu zake ni farasi 64, na watu wanne wenye magunia mawili si mzigo wake. La pili ni kwamba maji matupu huku huchemka karibu nyuzi 95. Kifuniko cha rejeta chenye shinikizo ndicho kinachosogeza kiwango hicho juu ya 110. Kikichoka mpira, gari huchemka mlimani hata kama rejeta ni nzima. Kwa hiyo kifuniko kibovu na maji ya bomba badala ya kulanti, ambayo huleta kutu ndani ya injini, ni mambo ya kutafuta kabla ya kulipa.

Namna ya kuyatafuta ipo hapahapa. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Fika asubuhi, gusa boneti, hakikisha ni ya baridi. Fungua kifuniko cha rejeta utazame rangi: kahawia ni kutu, na ute kama maziwa ni oili iliyokutana na maji. Washa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha baada ya injini kupata joto ni dalili ya gasketi. Kwa Escudo yenye injini ya J20A, sikiliza mlio wa cheni ya taimingi dakika ya kwanza. Injini hii haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na ikiwa oili ilicheleweshwa kubadilishwa, cheni na miongozo yake hulia kama mnyororo wa baiskeli uliolegea. Kuirekebisha ni kazi kubwa, kwa hiyo mlio huo uwe sababu ya kushusha bei sana au kuondoka.

Kisha shuka na gari hadi Ipogolo, kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ugeuze na kupanda tena mjini ukiwa na abiria watatu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Mlima ule ni mfupi ukilinganisha na mlima wa Kitonga ulio njiani kutoka Dar es Salaam, lakini unatosha kuonyesha giaboksi inayoteleza, klachi iliyokwisha na rejeta iliyoziba. Aliyenunua gari Dar es Salaam bila kulipima mlimani hupimiwa na Kitonga yenyewe. Pale unakwenda taratibu nyuma ya malori, upepo wa mbele haupo, na feni inabaki peke yake na kazi ya kupoza. Magari mengi ya mkononi husimama pale boneti zikiwa wazi.

Sasa chini ya gari. Lala chini, au lipa fundi alale. Magari mengi haya yalitoka Japani, na yaliyotumika kaskazini, Hokkaido na Tohoku, yalipita barabara zinazomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Kutu ya chumvi huanzia ndani ya reli za chasisi na kwenye vishikio vya springi, mahali ambapo rangi mpya nyeusi hupigwa kuficha. Gonga kwa spana: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya bati. Fungua plagi za oili za difu zote mbili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inamaanisha gari lilivuka maji na maji yakaingia, na beringi zimeanza kuliwa. Magari ya Usangu na Pawaga, kwenye mashamba ya mpunga, hupatwa sana na hili.

Jimny ina magonjwa yake mawili. Stelingi hutetemeka kwa nguvu gari likifika kilomita 60 au 70 kwa saa na kupita kwenye shimo dogo. Chanzo huwa beringi za kingipini za mbele, bushi zilizochoka au matairi yasiyobalansiwa. Wauzaji wengine hufunga shokapu mpya ya stelingi na tatizo likajificha kwa wiki chache. La pili ni habu za mbele, ambazo hushikishwa kwa mvuto wa hewa kupitia mipira midogo. Mpira ukipasuka, taa ya 4WD kwenye dashibodi inaweza kukusumbua kwa kumulika au kukudanganya kwamba mambo yako sawa, na magurudumu ya mbele hayavuti. Fundi azuie magurudumu ya nyuma kwa mawe, ainue gurudumu moja la mbele kwa jeki na kuingiza 4WD. Likiendelea kuzunguka bure kwa mkono, habu haijashika.

RAV4 za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizotoka Japani nyingi zina injini iliyoandikwa D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa teknolojia ni nzuri. Kwa gari la miaka 20 kwenye njia zetu, pampu yake ya shinikizo kubwa na kaboni inayoganda kwenye valvu huwapa wenye nayo gharama ambazo RAV4 ya zamani haikuwahi kuwapa.

Na kama unafikiria kuagiza mwenyewe badala ya kununua hapa? Kwa viwango vya miaka ya karibuni, TRA hutoza ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000, na uchakavu asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10, kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote. Ukipiga hesabu, kodi ya Escudo ya zamani hukaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe pamoja na usafiri, na thamani inayotumika ni ile ya kikokotoo cha TRA hata kama wewe umenunua kwa bei ya chini. Injini ya lita 2.0 ya Escudo ina cc 1,995, kwa hiyo inabaki kwenye asilimia 5. Ya lita 2.4 inaruka hadi 10. Anayeagiza hupata karatasi ya mnada, na herufi R juu yake ina maana gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Anayenunua Mlandege hana karatasi hiyo, ila ana Ipogolo, ana fundi, na gari analishika kwa mikono.

Spea za Escudo hazijai maduka ya hapa kama za Toyota. Nyingi hutoka Kariakoo na Gerezani na kupandishwa basi la usiku, na duka litakuuliza mwanzo wa namba ya chasisi, kwa mfano TD54W. Iandike kwenye simu yako. Matairi ya Escudo inayovuta kwa manne muda wote yabadilishwe yote kwa pamoja, au angalau yawe na kipimo na uchakavu ule ule, kwa sababu tairi moja kubwa kuliko jingine huilazimisha difu ya kati kufanya kazi isiyokwisha. Escudo ya zamani na Jimny, kinyume chake, zisiendeshwe kwenye lami kavu zikiwa 4WD. Walakini mara moja kwa mwezi ingiza 4WD kwenye changarawe kwa kilomita chache ili oili izunguke na vifaa visigande.

Ukiridhika na chuma, bado karatasi. Tafuta madeni ya faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya gari, na ya maegesho kwa TARURA. Jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayepokea fedha, mkataba uandikwe mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki TRA ufanywe wiki hiyo hiyo, kwa kuwa faini na kesi humfuata aliyeandikwa kwenye kadi. Muuzaji akikuharakisha kwa kusema mnunuzi mwingine yuko njiani kutoka Mafinga na fedha taslimu, mwache amsubiri huyo.