Linux Dhidi ya Windows ya Bure

Kila Linux inapotajwa, hoja ya kwanza kutolewa ni bei: mfumo huu endeshi hauna ada ya leseni. Ni kweli, na kwa Afrika Mashariki ukweli huo hausaidii sana. Kompyuta mpakato ya mtumba inayouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue humfikia mnunuzi ikiwa na Windows ndani, na hakuna mahali kwenye risiti, kama risiti ipo, palipoandikwa gharama yake. Ikisumbua, fundi huifuta na kuipiga Windows upya kwa ujira mdogo. Microsoft ina maoni yake kuhusu utaratibu huu, ila maoni hayo hayajafika kwenye meza ya fundi. Mshindani wa Linux hapa, basi, ni Windows isiyolipiwa, na kitu cha bure hakishindwi kwa bei.

Kinachofaa kulinganishwa ni maisha ya mashine baada ya siku ya kwanza: programu mpya zinatoka wapi, nani amezithibitisha, zinakula bando kiasi gani, na mtandao wa nyumbani au ofisini unaendeshwa na nini.

Kwa maana finyu, Linux ni kerneli tu, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayozigawia programu nyingine muda wa prosesa, kumbukumbu na vifaa. Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya GPL, iliyotokana na mradi wa GNU wa Richard Stallman. Leseni hiyo inamruhusu yeyote kutumia, kubadili na kusambaza programu, kwa sharti kwamba anayesambaza atoe pia msimbo chanzo na haki zile zile kwa anayepokea. Kerneli peke yake haiandiki barua wala haifungui kivinjari. Wapo wanaoikusanya pamoja na maelfu ya programu nyingine wakatoa mfumo kamili, ambao mafundi huuita distro. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilitoka Oktoba 2004, na kwa miaka kadhaa aliyeiomba alitumiwa CD kwa posta bila malipo.

Kazi kubwa ya distro haionekani kwenye skrini. Ni ghala. Karibu kila programu anayoihitaji mtu wa kawaida, kuanzia kivinjari na LibreOffice hadi kichezeshi cha video, imo humo ikiwa kifurushi. Ghala lina orodha ya vifurushi vyake, na kwa kila kimoja orodha hutaja alama ya hesabu, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Baiti moja ikibadilika, namba hailingani tena. Orodha yenyewe ina alama yake katika faili lililo juu yake, na faili hilo lina saini ya kidijitali ya wasimamizi wa distro. Ufunguo wa kuihakiki saini hiyo umo kwenye kompyuta yako tangu mfumo ulipowekwa. Unapoandika sudo apt update kwenye Debian au Ubuntu na baadaye kuweka programu, au unapobofya kitufe kinachofanya kazi hiyo hiyo, mashine hukagua mnyororo wote kuanzia saini hadi kifurushi. Pete moja isipolingana, inakataa kuendelea.

Linganisha na Windows iliyopigwa mtaani. Imetoka kwenye flashi ya fundi, aliyeipata kwa fundi mwenzake, aliyeipakua kwenye tovuti isiyokumbukwa na yeyote. Ili ifanye kazi bila leseni huwekewa programu ndogo ya kuvunja kufuli, na maelekezo ya programu hiyo aghalabu huanza kwa kukutaka uzime kinga ya virusi, kisha uiendeshe kwa mamlaka ya msimamizi. Ni kumwomba mlinzi akanywe chai ili mgeni asiyejulikana apewe funguo zote. Huenda mgeni huyo ni mwema. Hakuna namna ya kujua, na kwenye mashine hiyo hiyo mtu hufungua akaunti ya benki na mfumo wa kodi. Wengi huzima na masasisho, ama kwa kuogopa leseni kugundulika ama kwa kuhurumia bando, na kila tundu ambalo Microsoft imeliziba kwa wengine linabaki wazi kwao.

Haya hayaifanyi Linux kuwa ngome. Machi 2024 iligundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili iliyomo karibu katika kila distro, yalikuwa na mlango wa siri. Aliyeupandikiza alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kuchangia kazi halali hadi akaaminiwa na msimamizi wa mradi, ambaye alikuwa mtu mmoja, anayejitolea, na aliyechoka. Saini zote zilikuwa sahihi. Andres Freund aliunasa mlango huo kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH kulichelewa takriban nusu sekunde kuliko alivyozoea, na hakuridhika hadi alipojua kwa nini. Ni mfanyakazi wa Microsoft. Ule usemi kwamba macho mengi hayakosi kuona kosa ungekuwa na nguvu zaidi kama macho hayo yangekuwa yanatazama. Hata hivyo msimbo ulikuwa wazi, na uwazi huo ndio uliomwezesha mtu asiye na cheo chochote katika mradi kufuatilia tatizo hadi mzizi wake na kulitangaza bila kuomba kibali.

Mnyororo wa saini una faida nyingine ambayo mwenye intaneti isiyo na kikomo haioni. Kwa kuwa uaminifu umo ndani ya saini, njia ambayo kifurushi kimepitia haina umuhimu. Kinaweza kutoka kwenye seva ya Ulaya, kwenye nakala iliyohifadhiwa nchini, au kwenye flashi ya jirani. Ofisi yenye kompyuta kumi inaweza kuipa mashine moja kazi ya kuendesha apt-cacher-ng: kompyuta ya kwanza kuomba kifurushi husababisha kipakuliwe, na tisa zilizobaki hukichota humo humo ofisini bila kugusa bando. Windows nayo, tangu toleo la 10, inaweza kugawana masasisho na mashine jirani, na kuinyima sifa hiyo si haki. Tofauti ni nani anayeamua masasisho yashuke lini. Kwenye Debian ni mwenye mashine. Kwenye Ubuntu masasisho ya usalama hujishusha yenyewe hadi mwenye mashine ayazime, na vifurushi vya aina ya snap hukagua masasisho mara nne kwa siku hadi uvizuie. Inaonekana waliolipanga jambo hili hawajawahi kununua bando la usiku.

Kuunganisha intaneti kuliwahi kuwa mateso halisi. Kuanzia mwaka 2008 hivi modemu za USB zilienea mijini, na nyingi zilikuwa na ujanja mmoja: ukizichomeka, zilijitambulisha kama kiendeshi cha CD chenye programu ya Windows ndani. Programu ile ikishawekwa ilituma amri, na kifaa kikaacha kujifanya CD kikawa modemu. Mtumiaji wa Linux aliona CD ambayo haimsaidii, akabaki hapo, mpaka programu ndogo iitwayo usb_modeswitch ilipoanza kutuma amri hiyo yenyewe. Leo tatizo hilo limekwisha. Simu ya Android ikiunganishwa kwa waya na kuruhusiwa kugawa intaneti, kerneli huitambua mara moja kama kadi ya mtandao. Simu nayo inaendeshwa na kerneli ya Linux, jambo ambalo wengi wanaosema hawaiwezi Linux hawajaambiwa.

Kutoka hapo kompyuta moja inaweza kuhudumia nyingine. Kwenye mipangilio ya mtandao mna chaguo la kugawa muunganisho. Ukilichagua, mashine hujipa anwani 10.42.0.1, huwagawia anwani wanaojiunga, na kuanza kutafsiri anwani, yaani kila pakiti inayotoka huvishwa anwani moja ya nje, na jibu likirudi hupelekwa kwa aliyeuliza. Hiyo ndiyo kazi ya ruta. Si ajabu, kwa sababu ruta nyingi za nyumbani zenyewe zinaendeshwa na Linux. Mwaka 2003 ilibainika kwamba WRT54G, ruta ya Linksys iliyouzwa sana, ilikuwa na msimbo wa GPL ndani yake, na kampuni ikalazimika kuutoa msimbo huo hadharani kama sharti la leseni linavyotaka. Kutokana na msimbo huo ulianza, mwaka 2004, mradi wa OpenWrt, ambao leo unaweza kuifufua ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuisasisha. Ibara moja ya leseni, iliyoandikwa bila ruta yoyote akilini, imefanya kwa usalama wa mitandao ya nyumbani zaidi ya matangazo mengi.

Kwa kazi za mtaani, pa kutazama ni steshenari. Mteja analeta flashi ili achapishiwe barua. Ikifunguliwa kwenye Windows, folda zake zote zimegeuka njia za mkato. Virusi vya aina hii havifuti kitu. Huzitia folda halisi alama mbili za mfumo wa faili wa FAT, moja ya kuficha na moja ya kuonyesha kwamba ni mali ya mfumo, na Windows ikaacha kuzionyesha. Kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Mteja akibofya, kirusi kinaendeshwa kwanza na folda inafunguka baadaye, kwa hiyo haoni tofauti, na mashine imeambukizwa pamoja na flashi zote zitakazofuata siku hiyo. Chomeka flashi hiyo hiyo kwenye Linux: alama hizo za FAT hazijaliwi, folda halisi zinaonekana, na kando yake zimejipanga faili zenye mwisho wa .lnk ambazo haziendeshi chochote. Mhudumu anafungua barua, anafuta takataka, anachapisha. Hapa Linux haijafanya ushujaa wowote. Kirusi kimeandikiwa mfumo mwingine.

Anachapisha, yaani, printa ikikubali. Baadhi ya printa za leza za bei nafuu, zilizojaa kwenye maduka haya haya, hazina akili ya kutosha kupanga ukurasa; kazi hiyo hufanywa na draiva kwenye kompyuta, na draiva hiyo imeandikiwa Windows. Ya Linux ama ni ya zamani, ama imeandikwa na wanaojitolea kwa kubahatisha, ama haipo. Kadi za Wi-Fi zimepunguza usumbufu tangu Debian 12, ya mwaka 2023, ilipokubali kuweka programu zisizo huria za vifaa kwenye kisakinishi chake. Kwa nyaraka za Word, inategemea. Barua ya kurasa mbili itafunguka vizuri kwenye LibreOffice, hata fonti ya Calibri ikikosekana, kwa sababu Carlito ina vipimo vile vile na mistari haihami. Fomu ya zabuni yenye majedwali ndani ya majedwali itahama. Na mhasibu ambaye programu yake ya hesabu iko Windows tu hana cha kujadili.

Lugha haikuwa kikwazo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kompyuta za mtaani hazikubadilika, kwa kuwa watu walikwisha kukariri pa kubofya. Mtumiaji wa kawaida hachagui mfumo endeshi. Humchagua yule atakayempigia simu mashine ikigoma. Na fundi anayelipwa kila Windows inapokufa hana sababu ya kupendekeza mfumo usiokufa mara kwa mara. Hilo si kosa la tabia yake. Ni namna anavyolipwa, na litabadilika siku ofisi na shule zitakapomlipa kwa mwezi mashine ikiwa nzima.

Wakati huo huo, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa ujumla prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya na kupitia Dubai ni za kizazi cha sita au cha saba: nzima, zenye kasi ya kutosha, na zisizokubalika. Mwenye mashine hiyo anaweza kubaki bila masasisho, kuvunja kufuli jingine, au kubadili mfumo.

Kubadili kunaweza kujaribiwa bila kugusa diski. Pakua distro kama Linux Mint au Ubuntu kutoka kwenye tovuti yake rasmi, iandike kwenye flashi ya gigabaiti 8, na uiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa, kisha fungua nyaraka tatu unazozitegemea kwa kazi. Printa ikigoma, iachie Windows mashine ya kuchapishia, na Linux iweke kwenye ile unayofungulia benki.