Damu Husema Kabla Mwili Haujalalamika

Leo tutazungumza juu ya vipimo vya damu vinavyotupa habari za sukari na mafuta mwilini.

Hapa Nyanda za Juu za Kusini, toka Iringa hata Mbeya, uzima wa mtu hutazamwa kwa kazi yake. Akipanda vilima vya Uporoto na mzigo wa viazi kichwani, husemwa kuwa huyu ni mzima. Kazi ni jambo jema, lakini haitoi ushahidi wote. Kisukari cha watu wazima huweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila maumivu, na mafuta yaliyozidi katika damu kwa kawaida hayana dalili yoyote. Mwenye kungoja mpaka macho yafifie au miguu ife ganzi huwa amechelewa. Ndiyo maana tunaiuliza damu mapema.

Wako wasemao, "Kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini." Haya, tuangalie. Katika miaka ya 1980 Profesa Donald McLarty na wenzake waliwapima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji 6 vya Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989: wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 katika kila 100. Mwaka 2012 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima, mjini na shamba, wa watu wenye umri wa miaka 25 mpaka 64. Wakaonekana 9 hivi katika kila 100. Hesabu hizi haziwezi kulinganishwa moja kwa moja, kwani ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini tu, na vijana walihesabiwa pia. Hata hivyo, zatuonyesha kuwa maradhi haya si ya watu wachache.

Basi tuvitazame vipimo vyenyewe. Kila kimoja hujibu swali lake.

Kipimo cha kwanza ni sukari ya asubuhi kabla ya kula. Hutolewa damu kidogo, mara nyingi tone moja la kidoleni. Muda wa saa 8 au zaidi kabla ya kupimwa usile kitu, wala usinywe ila maji matupu. Chai ya sukari, uji, togwa na ulanzi, vyote huharibu kipimo. Namba huandikwa kwa milimoli katika lita. Chini ya 6.1 ni kawaida, 6.1 mpaka 6.9 ni onyo, 7.0 au zaidi ni alama ya kisukari. Lakini kama huna dalili yoyote, kipimo lazima kirudiwe siku nyingine kabla hujaambiwa kuwa u mgonjwa.

Kipimo cha pili huandikwa HbA1c katika cheti. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, na sukari hunata katika ile rangi nyekundu iliyomo ndani yake. Kwa hiyo kipimo hiki huonyesha hali ya sukari kwa miezi 2 au 3 iliyopita. Asilimia 6.5 au zaidi ni alama ya kisukari. Mtu aweza kujinyima siku mbili kabla ya kliniki, akakidanganya kipimo cha kwanza. Hiki cha pili hakidanganyiki kwa siku mbili. Lakini nacho kina udhaifu wake: mwenye ugonjwa wa selimundu, chembe zake hufa mapema, na kipimo huweza kusoma chini kuliko ukweli. Mwambie mganga ikiwa una ugonjwa huo, au una upungufu wa damu, au u mjamzito, au umeongezewa damu karibuni.

Kipimo cha tatu ni cha mafuta ya damu, ambayo mojawapo ni lehemu. Fikiri mfereji wa kumwagilia mpunga kule Usangu. Matope yakitua kidogo kidogo, maji huendelea kupita, na mwenye shamba haoni hasara mpaka njia imekuwa nyembamba. Lehemu iandikwayo LDL hujipenyeza katika kuta za mishipa namna hiyo. Siku moja utando ule hupasuka, damu huganda hapo, na njia huzibwa ghafla. Pakizibwa moyoni, moyo hudhurika. Pakizibwa kichwani, mtu hupooza. Ile iandikwayo HDL husaidia kuirudisha lehemu kwenye ini. Mafuta mengine, yaitwayo trigliseridi, hupanda hasa kwa pombe nyingi na sukari nyingi.

Je, namba ya onyo ni hukumu? Sivyo. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata watu wanene waliokuwa na sukari ya kiasi cha onyo. Waliofundishwa kupunguza uzito kidogo na kutembea kwa bidii dakika 150 kila juma walipungukiwa na hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwetu mboga hazikosekani. Punguza mlima wa ugali, ongeza mboga na maharage, punguza sukari katika chai, acha tumbaku.

Aliyekwisha kuandikiwa dawa asiziache kwa kuwa namba imeshuka. Huenda imeshuka kwa sababu ya dawa hizo. Wala asiziache kwa kumsikiliza mwenye kuuza "dawa ya kusafisha damu" mnadani. Amwulize mganga kwanza.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Kwa nini mtu mwenye nguvu za kulima apimwe damu?
2. Kipimo cha HbA1c chatuambia nini ambacho sukari ya asubuhi haituambii?
3. Katika kijiji chenu, ni nani mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 ambaye hajapimwa kamwe? Mtamsaidiaje afike kwenye zahanati au kituo cha afya?