Panya Yule Hakuongezewa Akili

Mitihani ya kidato cha nne ikikaribia, wazazi hunijia kwenye dirisha la dawa na swali lilelile: "Dokta, dawa ya pirasetamu inachanganywa na kolini kiasi gani ili mtoto ashike masomo?" Wengine huja na dozi wameshaipigia hesabu kwenye simu. Ukiuliza ushahidi, jibu ni moja: panya walipewa, wakawa na kumbukumbu kali.

Jaribio hilo lipo kweli. Raymond Bartus na wenzake walilichapisha mwaka 1981 huko Marekani. Kolini peke yake haikufua dafu, pirasetamu peke yake ilisaidia kidogo, zote mbili pamoja zikasaidia sana. Lakini tazameni kilichopimwa. Panya huwekwa kwenye chumba chenye mwanga. Kwa silka yake hupenda giza, basi huingia chumba cha pili, na humo hupigwa shoti ya umeme miguuni. Kesho yake hurudishwa kwenye mwanga, mtafiti akishika saa: atasita kwa muda gani kabla ya kuingia tena gizani? Kusita huko ndiko kunakohesabiwa kuwa kumbukumbu. Kuna umbali mkubwa kutoka hapo hadi mtihani wa kemia. Tena panya aliyelegezwa na dawa, au aliyezidishiwa woga, naye atasita.

Isitoshe, panya wale walikuwa wazee. Ubongo unapozeeka, mfumo wa asetilikolini hudhoofika, na hiyo ndiyo kemikali ambayo seli za kumbukumbu hupashana nayo habari. Mwili huitengeneza kutokana na kolini. Majaribio mengine hutumia panya vijana, ila kwanza huchomwa skopolamini, dawa inayoizuia asetilikolini kufanya kazi, ndipo dawa mpya ijaribiwe. Kinachopimwa ni ukarabati wa kilichoharibika! Binti wa miaka 17 mwenye afya hana hitilafu hiyo. Wagonjwa wa Alzheimer wanayo, na walipojaribiwa kwa pirasetamu pamoja na lesithini, ambayo ni chanzo cha kolini, hawakupata nafuu ya maana. Sasa mwanafunzi mzima atapata nini?

Hesabu za kwenye simu ndizo zinazonikasirisha zaidi. Panya walipewa miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito. Mzazi anazidisha mara kilo 60, anapata gramu 6. Mwili mdogo huimaliza dawa upesi, ndiyo maana watafiti hugawanya dozi ya panya kwa takriban 6 kabla ya kukadiria ya mtu, na makadirio hayo ni ya kuanzia utafiti unaosimamiwa. Pirasetamu hutoka mwilini kupitia figo na hupunguza kuganda kwa damu. Mtoto wako amepimwa figo lini?

Badala ya vidonge hivyo, mtoto alale kwa saa 8 au zaidi. Afunge kitabu ajiulize maswali: watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki, aliyejipima hukumbuka zaidi ya aliyerudia kusoma. Apimwe macho, masikio na upungufu wa damu. Klorofeniramini ya mafua asijinywee ovyo; inasinzisha, na inaizuia asetilikolini kama skopolamini ya maabara. Kwa babu aliyeanza kusahau, nendeni kwa daktari akapimwe vitamini B12, tezi ya shingo na shinikizo la damu, na mbebe mfuko mzima wa dawa anazotumia, hata zile za usingizi na za mzio alizonunua bila cheti.